Amplifaya yako ya gita haihitaji woofa ya matatu

Kama unapiga gita kwenye bendi ya mtaa, kwaya ya kanisa au klabu ya muziki chuoni, kuna siku amplifaya itaanza kukoroma. Noti nene zitatetemeka kama bati lililolegea, nyembamba zitasikika kama zimefunikwa blanketi, na mkiwa katikati ya shoo itakohoa mara mbili inyamaze. Mtamwita msee anayejua mambo ya stima. Atafungua nyuma, achungulie, agonge hapa na pale, halafu atoe hukumu: "Spika imeisha, bosi. Enda tao uchukue ingine, lakini usichukue ya wati kidogo. Chukua kubwa."

Nusu ya huo ushauri iko sawa kabisa. Spika hubadilishwa, na mara nyingi ni akili kuliko kutupa amplifaya nzima kwa sababu ya kipande kimoja. Nusu ya pili ndiyo imenifanya niandike. Huko kufukuzia wati ndiko kunafanya vijana wachange pesa kwa jasho, wanunue spika yenye sumaku kubwa kama sahani ya ugali, wairudishe kwenye boksi na kukuta gita linasikika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Wengine hata hawafiki hapo. Amplifaya inaungua wiki hiyo hiyo.

Na kumbuka hizo pesa mara nyingi si za mtu mmoja. Ni mchango. Huyu ametoa mia mbili, yule ametoa nauli yake ya wiki, mweka hazina wa kwaya ameandika kwenye daftari. Ukirudi na kitu kisichofaa, hakuna atakayesema shida ilikuwa omu. Watasema mpiga gita wetu ameharibu amplifaya, na mchango wa pili hautakuja.

Mimi nasema hivi: ukitafuta spika ya gita, swali la kwanza ni omu, linalofuata ni wepesi wa spika, halafu masikio yako mwenyewe. Wati uliza mara moja, pata jibu, songa mbele.

Lakini kabla hujapanda gari kwenda Luthuli Avenue, hakikisha mgonjwa ni spika kweli. Zima amplifaya, chomoa stima, kisha weka vidole vya mikono yote miwili kuzunguka koni na uisukume ndani polepole, sawasawa pande zote. Ikiingia na kurudi kimya, hiyo ni dalili nzuri. Ikikwaruza kama msasa, koili iliyo katikati ya sumaku imeungua au imepinda, na hapo hata maombi ya kesha hayasaidii. Kama una multimita, hata ile ya bei rahisi kabisa, tenganisha nyaya za spika upime upinzani kwenye pini zake mbili. Spika iliyoandikwa omu 8 itasoma 6 hivi au 7. Usishtuke, haijaharibika: ile 8 ni kipimo cha wakati muziki unapita, na mita yako inapima waya mtupu. Isiposoma chochote, koili imekatika.

Jaribu pia kuunganisha spika nyingine nzima unayoijua, ya omu hizo hizo. Ukisikia mkoromo uleule, spika yako haina makosa na pesa za mchango ziko salama. Huenda ni soketi iliyolegea tu, au zile nobu za sauti zimejaa vumbi.

Kuna kipimo kingine ambacho mafundi wa haraka haraka hukiruka, na ndicho kinachoniudhi zaidi. Kwenye amplifaya za transista, ambazo ndizo wengi wetu tunazo, transista za mwisho zikiharibika zinaweza kuanza kumwaga umeme wa DC, kama ule wa betri, moja kwa moja ndani ya spika. Koni inasukumwa upande mmoja inakwama hapo, koili inachemka, basi. Spika imekufa lakini muuaji bado yuko ndani ya boksi. Ukimletea spika mpya, anaiua hiyo pia kabla hujamaliza ubeti wa kwanza. Kwa hivyo spika ikishatolewa, fundi aseti mita yake kwenye volti za DC apime zile nyaya mbili zinazoenda kwa spika, gita likiwa halijachomekwa. Zikisoma karibu na sufuri, milivolti chache tu, endelea na safari. Zikisoma volti kadhaa, spika ingoje. Tengeneza amplifaya kwanza.

Ila kama yako ni ya valvu, ile yenye vitu kama balbu vinavyowaka ndani, usiiwashe kamwe bila spika. Transfoma yake inaweza kuungua, na hiyo ni ghali kushinda spika yenyewe. Tena ndani mwake volti mamia zinaweza kubaki hata baada ya kuchomoa stima, kwa hivyo usitie mkono. Mwachie fundi anayezijua.

Sasa wati. Kile kibandiko cha 1000W kinachong'aa kwenye spika za dukani mara nyingi huonyesha kilele, yaani kile ambacho spika inaweza kuvumilia kwa kufumba na kufumbua. Kinachokuhusu ni wati inazobeba muda wote, zile zinazoandikwa RMS. Na hata hizo hazipimi kelele. Ni kama tani zilizoandikwa mlangoni mwa lori: zinakwambia litabeba mzigo gani bila kuvunjika, hazikwambii litapanda mlima kwa kasi gani. Amplifaya yako ina wati 30? Tafuta spika inayobeba 50 au 60, umemaliza. Hiyo nyongeza ni kwa sababu ukipandisha sauti mpaka ikaanza kukwaruza, amplifaya hutoa zaidi ya wati zilizoandikwa nyuma yake. Ukiweka spika ya wati 300 hutaongezewa chochote. Amplifaya haijui spika inaweza kubeba nini. Inatoa ilicho nacho.

Omu ndizo zinazoua. Geuza amplifaya, soma mahali spika inapochomekwa au nyuma ya sumaku ya spika ya zamani. Utaona 4, 8 au 16 ikifuatwa na alama ya Ω. Kariri hiyo namba kama ya simu ya mamako. Kwenye amplifaya ya transista, namba iliyo kwenye soketi kwa kawaida ndiyo ya chini kabisa inayoruhusiwa. Ikisema 8 wewe ukaweka spika ya omu 4, amplifaya itajaribu kusukuma umeme karibu maradufu, itachemka, na kama haina kinga, ile harufu utakayosikia katikati ya wimbo wa tatu si jirani anayechoma takataka. Ukiweka ya omu 16 badala ya 8, hakuna kitakachoungua, ila utapoteza karibu nusu ya nguvu. Kwa za valvu usibahatishe: namba kwa namba.

Boksi lenye spika mbili lina hesabu yake. Mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba, amplifaya inaona omu 4. Zikiunganishwa kwa mstari, umeme ukitoka kwa moja uingie kwa nyingine, inaona 16. Kwa hivyo ukibadilisha moja peke yake, ile mpya lazima iwe na omu sawa na mwenzake.

Ndipo tunafika kwa woofa ya matatu. Ukiuliza spika ya inchi 12 dukani, usishangae ukiwekewa hii mezani kwanza. Iko kila mahali, inakaribiana na ile yako kwa upana, na inavutia macho. Mimi nazipenda nganya zetu kama kijana yeyote. Woofa ikidunda kwenye gari la Rongai unaisikia kifuani, mpaka nauli unailipa bila kunung'unika. Lakini hiyo ni kazi ya besi. Koni yake ni nzito, ukingo wake ni wa mpira laini, imeundwa kusukuma hewa nyingi polepole. Nyingi ni za omu 4, hata 2, kwa sababu zimetengenezewa gari lenye betri ya volti 12. Umesoma hapo juu omu 4 zinafanya nini kwa amplifaya ya 8.

Gita lenyewe linaishi mtaa mwingine. Uzi mnene kabisa unatetemeka kama mara 82 kwa sekunde, na utamu wote uko kati na juu, mpaka mitetemo kama 5,000 hivi, ambako spika ya gita hushuka ghafla na kuacha. Woofa ya gari hukata tamaa mapema sana, kwenye mamia ya chini. Ndiyo maana ukiifunga unapata mvumo bila maneno.

Halafu kuna huo wepesi niliotaja. Kwenye karatasi ya spika tafuta namba ya desibeli, inayopimwa kwa wati 1, umbali wa mita 1. Inakwambia spika inageuza umeme kuwa sauti kwa urahisi gani. Spika nyingi za gita ziko kati ya 95 na 100, na zipo zinazozidi hapo. Woofa nyingi za gari haziguzi 90. Kwenye karatasi ni tofauti ndogo, masikioni ni bahari. Kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara mbili, na desibeli 10 ni mara kumi. Piga hesabu. Ukitoa spika ya desibeli 97 kwenye amplifaya ya wati 30 ukaweka woofa ya 87, utahitaji wati 300 kupata kelele ileile. Huna. Umenunua kitu kikubwa, kizito, cha bei, na ghafla mpiga ngoma anakufunika na unaanza kuamini amplifaya imezeeka. Upande wa pili wa hesabu hiyo ni mtamu: toka spika ya 97 uende ya 100, na amplifaya yako ya wati 30 itasikika kama ya 60, bila kununua amplifaya nyingine.

Je, spika iliyotolewa kwenye mfumo wa sauti wa kanisa, zile za kuhubiria? Afadhali kidogo, kwa sababu ina nguvu na koni yake si nzito sana. Lakini imezoea kusaidiwa na kispika kidogo cha sauti za juu. Peke yake inaweza kuwa butu, na ukiiwekea hicho kidogo kisha ukawasha distoshoni, utasikia nyuki waliochokozwa.

Tatizo ni kwamba tunafikiria spika kama mfereji: maji yanaingia huku, yanatokea kule yakiwa yaleyale. Kwa redio ya nyumbani hilo ndilo lengo. Kwa gita, spika ni sehemu ya ala, kama ngozi ilivyo sehemu ya ngoma. Mwaka 1964 huko Uingereza, Dave Davies wa kundi la The Kinks alikata koni ya spika ya amplifaya yake ndogo kwa wembe, na mkwaruzo uliotoka hapo ndio unaosikika kwenye "You Really Got Me". (Tafadhali usijaribu na amplifaya ya kwaya.)

Ndiyo maana kuna majina ambayo wapiga gita huyataja kama ya wachezaji wa mpira. Celestion ya Uingereza imekuwapo tangu 1924, na spika zake ziko ndani ya Vox AC30 na maboksi mengi ya roki. Greenback yao hubeba wati 25 tu, na watu wanazipanga nne kwenye boksi moja wanatikisa ukumbi. Vintage 30, licha ya jina lake, hubeba wati 60. Jensen za Chicago ndizo zilizokuwa kwenye amplifaya nyingi za Fender miaka ya 1950, na Eminence wanatengeneza zao Kentucky tangu 1966. Zote ni nzuri. Pia ni ghali, na ukiagiza kutoka nje, usafiri na ushuru vinaweza kuifanya spika moja ikaribie bei ya amplifaya ndogo ya mitumba.

Hapa ndipo nakosana na marafiki wanaojifunza kila kitu YouTube. Video nyingi za spika zimetengenezwa na jamaa wanaopiga roki nzito, distoshoni mpaka mwisho, na ushauri wao unafaa roki nzito. Wewe unapiga nini? Kwenye benga, ile ya D.O. Misiani na Shirati Jazz, gita la solo linapanda juu ya shingo, linakimbia, na kila noti inasimama peke yake ikiwa safi. Rumba ya Franco na TPOK Jazz ilijengwa juu ya magita safi yanayojibizana, na sebene unayopiga kanisani Jumapili ni mtoto wa hiyo. Kwa muziki huo spika inayolegea na kukwaruza mapema itachafua kazi yako. Unataka yenye desibeli nyingi, iliyo wazi juu, na inayobeba mara mbili ya wati za amplifaya ili ibaki imara ukipandisha. Hapo, nakubali, wati zina maana. Kama wewe ni wa roki au bluzi, spika ya wati chache inayokwaruza ikibanwa ndiyo raha yenyewe, mradi tu isizidiwe na amplifaya. Kabla hujaagiza spika ambayo nyota fulani wa Marekani anaitumia, jiulize kama unataka kusikika kama yeye au kama mtu aliyekulia akisikiliza ohangla na Congo.

Swali la fundi wa kurudishia koni siwezi kulikwepa, maana wengi wataniambia mbona ninawanyima juakali kazi. Siwanyimi. Kwa spika ya besi au ya kuhubiria, fundi mzuri atakuokolea pesa nyingi. Kwa gita, uzito wa karatasi ya koni, kile kifuniko cha katikati na unene wa koili ndivyo vilivyokuwa sauti yenyewe. Fundi akibandika koni yoyote aliyo nayo, spika italia, lakini itakuwa spika nyingine. Muulize koili anayoweka ni ya omu ngapi. Akikujibu "hizi zote ni sawa tu, bro", mshukuru, chukua spika yako, ondoka. Kama koni imepasuka kidogo tu na koili iko sawa, hata huhitaji kwenda popote: kipande cha karatasi laini na gundi nyeupe ya mbao, safu nyembamba, ikauke usiku kucha.

Dili bora kwangu ni hii: tafuta amplifaya ya gita ya mitumba iliyokufa ubongo lakini spika yake nzima. Hata kama spika hiyo haina jina linalojulikana, ilizaliwa kwa ajili ya gita, tayari imelainika, na muuzaji anataka kuondoa huo mzigo njiani. Usimwonyeshe furaha.

Siku ya kununua, beba spika ya zamani, si picha yake. Upana, mashimo ya skrubu na kina cha sumaku vitalinganishwa pale pale. Sumaku nene inaweza kugonga transfoma ndani ya boksi dogo. Na kama yako ni ile ya mazoezi yenye spika ya inchi 8, sahau inchi 12 mpaka umwone seremala. Beba mita. Beba gita na amplifaya pia kama una mtu wa kukusaidia, kisha piga wimbo mnaoupiga kila wiki, kwa sauti ya shoo, si vikodi viwili vya aibu. Muuzaji asiyekubali ujaribu spika, na asiyejua omu zake, mwache na duka lake. Maduka ni mengi.

Ukifika nyumbani usikaze skrubu moja mpaka mwisho kisha uende kwa nyingine. Zikaze kidogo kidogo kwa kuvukavuka, fremu isipinde. Waya wa kujumlisha uende kwenye alama ya kujumlisha, hasa spika zikiwa mbili, kwa sababu zikisukuma kinyume besi yote inapotea. Kama unatumia boksi la nje, nunua waya wa spika. Ule wa gita ni mwembamba na utachemka. Spika mpya husikika ngumu siku za kwanza, kwa hivyo ipe saa kadhaa za mazoezi kabla ya kuihukumu. Halafu mwambie mpiga ngoma ajipange, Jumapili hii hatakufunika.